Asilimia 7.62: mashine inayosikiliza marubani inakosea wapi?

Mwaka 2018 kampuni ya Airbus iliendesha shindano. Washiriki walipewa rekodi za mazungumzo ya redio kati ya marubani na waongoza ndege, jumla ya saa 50 hivi, sehemu kubwa ikiwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa. Walitakiwa kutengeneza programu ya kufanya kazi mbili: kuandika kila kilichosemwa, na kutaja ni ndege gani inayohusika. Timu 22 zilishiriki. Iliyoongoza ilikosea asilimia 7.62 ya maneno. Katika kutambua jina la ndege, alama ya juu ilikuwa 82.41 kati ya 100.

Takwimu ya kwanza hupendwa sana na wauzaji wa teknolojia. Ya pili huwa haitajwi, ingawa ndiyo yenye habari.

Tuanze na hiyo inayopendwa. Ujumbe mmoja wa mnarani una maneno kama kumi. Kila neno likiwa na uwezekano wa asilimia 7.62 wa kukosewa, na makosa yakiwa yametawanyika ovyo, uwezekano wa ujumbe mzima kuandikwa bila dosari ni kama asilimia 45. Zaidi ya nusu ya jumbe zitakuwa na kosa mahali fulani. Kweli, makosa hayatawanyiki hivyo. Hurundikana kwenye sauti mbovu, na sauti safi ikatoka salama. Sioni faraja katika hilo, maana sauti huharibika zaidi pale ambapo redio imesongamana, injini zinanguruma na watu wanasema harakaharaka, na hapo ndipo msaada unapohitajika.

Tangu wakati huo mitambo imepiga hatua. Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyofunzwa kwa saa 680,000 za sauti kutoka mtandaoni, na watafiti wa anga wakaichukua mara moja. Ikitumiwa kama ilivyotoka kiwandani, inavurunda vibaya kwenye redio ya ndege. Ikifunzwa upya kwa rekodi za mnarani, inabadilika kabisa. Kwa hiyo asilimia zitaendelea kushuka na matangazo yataendelea kuja. Hoja yangu ni kwamba hata zikishuka hadi moja, bado tutakuwa tunapima kitu kisicho sahihi.

Fikiria kilichotokea tarehe 19 Februari 1989 karibu na Kuala Lumpur. Boeing 747 ya mizigo ya shirika la Flying Tiger ilikuwa ikitoka Singapore, inakaribia kutua. Mwongoza ndege alisema: "descend two four zero zero", akikusudia ishuke hadi futi 2,400. Nahodha alijibu: "okay, four zero zero". Ile "two" ya mwanzo, yaani tarakimu mbili, aliisikia kama "to", yaani "hadi". Akashuka kuelekea futi 400 katika eneo lenye vilima. Ndege iligonga kilima na wote wanne waliokuwamo walikufa.

Sasa wape mashine mbili rekodi ile. Ya kwanza inaandika yote sawasawa ila inakosea neno la kuagana. Ya pili inaandika yote sawasawa ila inaweka "to" badala ya "two". Kwa kipimo kinachotumika kwenye mashindano na makala za kitaalamu, mashine hizo zimekosea neno mojamoja, alama zao zinalingana, na pengine zitagawana zawadi.

Kinachopaswa kuhesabiwa ni agizo zima: ndege ipi, imeambiwa ifanye nini, kwa kiasi gani. Vitatu hivyo vikiwa sawa, agizo limesikika. Kimoja kikikosekana, halikusikika, hata kama maneno mengine tisa yameandikwa kwa hati nzuri. Watafiti wa Ujerumani, hasa wa kituo cha anga cha DLR kule Braunschweig, wamekuwa wakipima hivyo kwa miaka, na pamoja na asilimia ya maagizo yaliyopatikana huonyesha pia yaliyokosewa na yale ambayo mashine iliyakataa. Hicho kipengele cha tatu nitakirudia, kwa sababu naona ndicho chenye uzito kuliko vyote.

Lakini kwanza tujue kwa nini kazi yenyewe ni ngumu, maana msomaji ana haki ya kuuliza: simu yangu inaandika ninayosema, inakuwaje mnara ushindwe?

Redio ya ndege ni ya kizamani, na imeachwa hivyo makusudi. Hutumia masafa ya kati ya megahezi 118 na 137, kwa mtindo wa AM uleule wa redio za mabibi na mababu zetu. Sauti inayopita ni nyembamba, kutoka hezi 300 hivi hadi 3,400, na Ulaya, ambako njia zimebanwa zaidi ili zitoshe, wembamba huongezeka. Herufi kama s na f zinabaki nusu. Sababu ya kuing'ang'ania AM ni ya usalama. Watu wawili wakibonyeza kitufe kwa wakati mmoja kwenye FM, mwenye mawimbi yenye nguvu humfunika mwenzake kabisa na hakuna anayejua kama kuna aliyefunikwa. Kwenye AM sauti zinagongana na kutoa mlio, na kila anayesikiliza anatambua kwamba hapo pana mtu amekatwa.

Ongeza tofauti ya pande mbili. Sauti ya mwongoza ndege inaweza kuchukuliwa moja kwa moja kwenye kinasa chake, ndani ya chumba chenye utulivu. Ya rubani hufika ikiwa imepitia ngurumo ya injini, umbali na antena. Mkusanyiko mmoja unaotumika sana katika utafiti, ATCOSIM, uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz pamoja na kituo cha majaribio cha Eurocontrol, shirika la Ulaya la usalama wa safari za anga, una saa kama kumi za waongoza ndege peke yao, wakiongoza ndege za kuigiza. Marubani hawamo. Ukiona programu inajisifu kwa makosa ya asilimia moja au mbili, uliza imepimwa kwa sauti ya nani.

Halafu kuna lugha yenyewe. Kwa nje inaonekana rahisi, kwani msamiati wake ni mdogo na umepangwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Tarakimu zina matamshi yake: tatu ni "tree", tano ni "fife", tisa ni "niner". Kinachoisumbua mashine ni kwamba tarakimu zilezile hubeba mambo tofauti. "Two five zero" ni mwelekeo wa nyuzi 250, ni mwendo wa noti 250 (maili za baharini kwa saa), na pia, kimo kikisomwa kwa mamia ya futi, ni futi 25,000. Binadamu hutofautisha kwa neno lililotangulia, na neno hilo likimezwa na mkwaruzo hutofautisha kwa kujua ndege iko wapi na inafanya nini. Isitoshe, watu hawasemi kama kitabu. Wanakatisha majina, wanajisahihisha katikati ya sentensi, wanasalimiana kwa lugha za kwao. Rekodi za Ulaya ya Kati zimejaa salamu za Kicheki na Kijerumani, nayo mashine inayojua Kiingereza tu huzigeuza kuwa maneno ya Kiingereza yanayofanana nazo. Rubani akimwambia mwenzake wa mnarani "asante sana, kwaheri", sijui itamwandikia nini.

Wajerumani walipata njia ya kupunguza ugumu huo, na ni njia ya busara. Katika mradi wa AcListant, DLR na Chuo Kikuu cha Saarland waliunganisha msikilizaji na programu nyingine inayopanga foleni ya ndege zinazokuja kutua. Programu ya foleni inajua zilizopo, zilipo, na maagizo gani yana maana kwa dakika hiyo. Ndege iliyo futi 4,000 haiwezi kuambiwa ishuke hadi 9,000. Ndege isiyoonekana kwenye rada haiwezi kuwa ndiyo inayozungumziwa. Kwa kuiambia mashine mapema ni mambo gani yanawezekana, makosa yalipungua sana. Majaribio ya kuigiza uwanja wa Düsseldorf yalionyesha kwamba kazi ya kuingiza maagizo kwa mkono kwenye kompyuta ilipungua kufikia theluthi, na kwa kuwa mwongoza ndege alipata nafasi ya kupanga vizuri zaidi, kila ndege iliokoa lita 50 hadi 65 za mafuta. Mradi uliofuata, MALORCA, wa 2016 hadi 2018, ukaenda na wazo hilo kwenye rekodi halisi za Prague na Vienna, kwa lengo la kuifanya mashine ijifunze yenyewe kutokana na sauti ambazo hakuna aliyeziandika pamoja na data za rada za wakati huohuo.

Ndivyo mtu anavyosikia pia. Sokoni Kariakoo, katikati ya kelele, unamwelewa muuzaji aliyesema nusu neno kwa sababu unajua anauza nini. Na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Kazi mbili tofauti kabisa zimefichwa chini ya jina moja la utambuzi wa usemi. Ya kwanza ni kumsikiliza mwongoza ndege ili kompyuta iandike alichoagiza, asilazimike kuchapa. Ya pili ni kumsikiliza rubani akirudia agizo, ili kunasa aliyesikia vibaya. Katika kazi ya kwanza, kutegemea yanayotarajiwa ni msaada mtupu, kwani mwongoza ndege ataona kilichoandikwa na kukisahihisha. Katika kazi ya pili, kutegemea yanayotarajiwa ni sumu.

Irudishe mashine yenye akili ya rada kwenye ile 747 ya Kuala Lumpur. Agizo lililotolewa ni 2,400. Rubani anarudisha 400, sauti yake ikiwa na mikwaruzo. Mashine inajiuliza: hapa amesema 400 au 2,400? Kwa kila inachokijua, futi 400 ni upuuzi. Hakuna ndege inayoagizwa kushuka hadi futi 400 katika eneo hilo, na agizo la sekunde chache zilizopita lilikuwa 2,400. Jibu lenye uwezekano mkubwa ni 2,400. Inaandika 2,400, inalinganisha na agizo, inakuta vinalingana, inanyamaza. Kadiri mashine inavyokuwa hodari wa kubashiri, ndivyo inavyozidi kulisahihisha kosa kwenye maandishi na kuliacha angani.

Ukisoma makala nyingi za fani hii utaona data za rada zikisifiwa kama dawa ya kila kitu. Kwangu mimi zitumike kumtambua msemaji, basi. Orodha ya ndege zilizopo angani ni ukweli, na kuitumia kutambua jina la ndege hakufichi kosa lolote la kimo. Tarakimu zilizorudishwa na rubani zisikilizwe zilivyo, na sikio ambalo halijaambiwa agizo lilikuwa nini. Ukitaka kuweka na sikio la pili linaloijua rada, liweke, na masikio hayo mawili yakitofautiana, tofauti hiyo ndiyo ionyeshwe. Gharama ya kuendesha modeli mbili kwa pamoja siku hizi ni ndogo. Kinachokosekana ni watu kukubali kwamba alama zao kwenye jedwali zitashuka.

Kuna hesabu nyingine isiyopendwa. Tuseme, kwa mfano tu, katika maagizo 1,000 marubani watano wanarudisha vibaya. Mashine yetu ni nzuri: inanasa wanne kati ya hao watano, na katika yale 995 yaliyorudishwa sawa inapiga kengele kimakosa kwa asilimia tano. Asilimia tano inasikika ndogo. Ni kengele 50. Kwa hiyo mwongoza ndege atasikia kengele 54, na 50 kati yake ni za bure. Baada ya wiki mbili atakuwa amejifunza kutozisikiliza, na zile nne za kweli zitapita naye akiwa anaangalia pembeni. Kuzipunguza hizo za bure kunahitaji mashine inayojua kusema "sikusikia".

Hicho ndicho kipengele cha tatu nilichokitaja, kukataa. Modeli za kisasa za lugha zina tabia mbaya ya kutokubali kimya. Whisper yenyewe inajulikana kwa kutunga sentensi nzima mahali ambapo hapakuwa na mtu anayesema. Kwa anayeandika mahojiano ni usumbufu. Mnarani ni kitu cha kutisha, kwa sababu sentensi inayotungwa inatoka laini, yenye sarufi, na inafanana na maagizo mengine elfu.

Ajali kubwa kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga ina somo hapo. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa uwanja wa Los Rodeos, Tenerife, Boeing 747 mbili za KLM na Pan Am zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Rubani wa KLM alitamka maneno ambayo yangeweza kueleweka kuwa wapo tayari kuruka, au kwamba wameshaanza. Mnara ulijibu "okay", kisha ukaongeza wasubiri wataitwa. Wakati uleule Pan Am ikawa inatangaza kwamba bado ipo kwenye njia. Sauti mbili zikagongana, na katika chumba cha rubani wa KLM kilichofuata baada ya ile "okay" kilikuwa mlio. Watu 583 walikufa. Baada ya hapo neno "takeoff" likafungiwa, litumike tu wakati wa kutoa au kufuta ruhusa yenyewe ya kuruka.

Mashine ya kawaida, iliyofunzwa kupata maneno mengi sahihi, ingeiandika ile "okay" vizuri na pengine ingeutupa mlio kama kelele. Ninayoitaka mimi ingefanya kinyume. Ingeshika kwamba pale pamegongana sauti kwa sekunde kadhaa, ikaweka alama ya wazi kwenye skrini ya mnarani kwamba ujumbe umekatika. Kuutambua mlio wa mgongano ni rahisi mno kuliko kutambua maneno. Hauhitaji akili mnemba ya mabilioni. Lakini kwa kuwa si neno, hauingii kwenye asilimia ya makosa ya maneno, na hakuna anayeshindania.

Nisije nikaonekana naamini kwamba kusikia vizuri kunatosha. Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024: ndege ndogo ya walinzi wa pwani wa Japani iliambiwa iende hadi sehemu ya kusubiri iitwayo C5, ikaambiwa pia ni namba moja kwenye foleni. Rubani alirudia agizo sawasawa. Kisha akaingia kwenye njia ya kurukia, na Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watu wote 379 wa A350 walitoka salama; katika ndege ndogo walikufa watano kati ya sita. Hapo programu bora duniani ingeandika kila neno, ingelinganisha, ingeridhika. Kosa lilikuwa kichwani mwa aliyerudia. Lingeweza kuonekana tu kwa kulinganisha kilichosemwa na mahali ndege ilipo, sekunde kwa sekunde. Na hata hivyo, uwanja ule ulikuwa na mfumo wa kuonya kwenye skrini kwamba njia imeingiliwa. Onyo lilitokea. Halikugunduliwa.

Kwa hiyo mashine hizi ziwekwe wapi kwanza? Naona watu wanaanzia mwisho. Kengele ya papo hapo mnarani ndiyo kazi ngumu kuliko zote na ndiyo inayozungumzwa zaidi. Kazi ya kumwondolea mwongoza ndege kuchapa imeshathibitishwa. Na kabla yake ipo kazi ya darasani. Katika vyuo vya waongoza ndege, mwanafunzi akifanya mazoezi, ndege zake za kuigiza zinahitaji mtu wa kuzisemea, akae chumba cha pili ajifanye rubani, leo wa Precision Air na kesho wa KLM. Ni kazi inayochosha, na idadi ya watu hao ndiyo inayoamua wanafunzi wangapi wafanye mazoezi kwa siku. Mashine ikikosea darasani, hakuna anayekufa, na mwalimu anapata rekodi inayoonyesha mwanafunzi anapenda kuruka maneno gani. Vyuo kama Chuo cha Mafunzo ya Usafiri wa Anga cha Dar es Salaam na kile cha Embakasi, Nairobi, vingefaidika na hili kabla ya mnara wowote.

Hapo tunagonga ukuta wa data. Mikusanyiko inayojenga fani hii naweza kuihesabu kwa vidole. Upo wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994, wenye sauti za Dallas–Fort Worth, Boston na Washington. Upo wa Graz nilioutaja. Upo wa Chuo Kikuu cha West Bohemia kule Pilsen, Ucheki. Upo wa Airbus. Na upo ATCO2, mradi wa Ulaya wa 2019 hadi 2022, uliotumia watu wa kujitolea wenye antena majumbani mwao kukusanya zaidi ya saa 5,000 kutoka viwanja kama Prague, Brno, Bratislava, Zurich, Bern na Sydney, na kuoanisha kila sauti na data ya ndege iliyokuwa juu wakati huo. Sehemu kubwa ya saa hizo iliandikwa na mashine yenyewe; zilizoandikwa na binadamu ni saa chache tu, kwa sababu kuandika saa moja ya redio ya ndege humla mtu anayejua kazi saa nyingi. Nchi nyingine zimefunga kabisa mlango: Uingereza ni kosa kisheria kusikiliza mazungumzo hayo bila kibali, sembuse kuyakusanya.

Umri wa data nao unahesabika. Wamarekani walikuwa wakisema "position and hold" kumwambia rubani aingie kwenye njia asubiri. Septemba 2010 wakahamia "line up and wait" ya kimataifa. Mashine iliyolelewa na rekodi za 1994 inakijua kitu ambacho hakisemwi tena.

Tazama tena orodha hiyo ya viwanja. Hakuna Nairobi, hakuna Entebbe, hakuna Dar es Salaam. Kiingereza cha anga chetu kina sura yake. Irabu tano za Kiswahili zinazifunika irabu za Kiingereza, hivyo "turn" ya mwongoza ndege wa huku huwa karibu na "tan". Wapo wanaochanganya l na r, na "left" si neno la kuchezea. Na kuna mahali tunakiongoza kitabu: ICAO inataka tatu itamkwe "tree", na mtu wetu aliyezoea kusema "tri" amekaribia kanuni kuliko Mwingereza wa Oxford. Kumpima kwa modeli ya Zurich na kumwambia lafudhi yake ina kasoro ni kugeuza mambo. ICAO inadai rubani na mwongoza ndege wa kimataifa wafikie angalau daraja la nne kati ya sita la umahiri wa lugha, na daraja hilo linaruhusu lafudhi, mradi ieleweke. Mashine nayo ipewe mtihani uleule: ikishindwa kumwelewa mtu mwenye daraja la nne, iliyofeli ni mashine.

Rekodi za kwetu zipo. Kanuni za ICAO zinataka mazungumzo ya redio kati ya mnara na ndege yarekodiwe na kuhifadhiwa kwa siku zisizopungua 30. Lengo ni uchunguzi wa ajali. Siku zikipita bila tukio, rekodi inaweza kufutwa, nafasi itumike tena. Kwa hiyo minara ya Afrika Mashariki inazo kila mwezi saa nyingi za sauti ambazo hakuna chuo cha Ulaya kinaweza kuzinunua kokote.

Waongoza ndege hawatazitoa kirahisi, na wana sababu. Mashine inayoandika kila neno ni pia mashine ya kumhesabia mtu makosa, na mwajiri atashawishika kuitumia siku ya kupanda vyeo. Ulaya vyama vyao vimelisema hilo wazi. Kwa hiyo mamlaka za Tanzania, Kenya na Uganda zikitaka kuanza, makubaliano yatangulie kompyuta: majina na tarehe zinaondolewa, matumizi ni mafunzo na utafiti tu, na nakala haitoki nje ya mamlaka. Waandikaji wawe waongoza ndege wastaafu, walipwe kwa saa, maana mwanafunzi wa chuo kikuu asiyeijua anga ataandika alichodhani amekisikia. Kwa jaribio la kwanza ningechagua mnara wa Wilson, Nairobi, wenye ndege ndogo nyingi, wanafunzi wa urubani wanaojifunza kusema redioni na injini zinazopiga kelele, na ningeanza na upande wa marubani.